Profesa na Gunia la Mawe

Kila asubuhi, kwenye kituo cha kusafisha maji taka, mpimaji alikinga maji yaliyochujwa, akadondoshea dawa na kutazama rangi. Njano ni amonia, sumu itokayo kwenye mkojo. Siku hiyo, kabla tone halijadondoka, sauti ikatoka mgongoni:

"Dada, hiyo njano kesho huioni."

Alikuwa bwana mwenye koti jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo yake ingekata kitunguu. Alijiita Profesa. Wa nini? Unyenyekevu ulimzuia kusema.

Bosi, ambaye ni baba mdogo wa mpimaji, alimpokea kama mvua. Wakaguzi walikuwa njiani, na chujio lilikuwa jipya, bado halijaimaliza njano: tangi kubwa lililojaa mawe, na juu yake mabomba yanayozunguka yakinyunyiza maji taka. Profesa akatoa ndoo ya unga wa kuondoa njano. Malipo yake? Pampu ya akiba, iliyopakiwa papo hapo kwenye mkokoteni wake.

Mpimaji alijua hatari yake. Pampu ya zamani ilishaanza kukohoa. Ikizima na akiba haipo, mawe yatakauka. Lakini hakuna aliyemuuliza, akarudi kwenye chupa zake.

Unga ukamwagwa. Kesho yake tone lilidondoka na maji yakabaki meupe pe, bila njano! Bosi akacheza. Aliyeshangaa kuliko wote ni Profesa, maana unga ulikuwa chokaa ya ukutani. Akamvuta mpimaji pembeni.

"Dada, tusifichane. Nini kimefanya kazi?"

"Mawe," alijibu, macho chini. "Utelezi ule ulio juu yake ni vijidudu vinavyokula amonia. Nimevilea wiki sita. Njano imekuwa ikififia kila siku."

"Kwa hiyo nikipeleka mawe haya kwenye chujio jingine jipya..."

"Vitaanza kuzaana huko."

Profesa aliona miji mizima ikimpigia magoti. "Nipe gunia moja."

"Nipe pampu."

Pampu ikashuka mkokotenini, gunia likapanda. Profesa akaondoka akipiga mluzi. Lakini mtu nadhifu hauzi bidhaa chafu. Kwenye bomba la nje ya lango alisimama, akakunja mikono ya koti, akachukua brashi na sabuni, akaanza kuyaosha mawe.

"Anafanya nini yule?" bosi aliuliza.

"Anasugua vijidudu vilivyosafisha maji yetu, baba mdogo. Vyote."

"Na ile dawa yake?"

"Chokaa."

Bosi akakuna kichwa. "Sasa mwanangu, mbona ulinyamaza?"

Mpimaji akainua macho. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia.

"Kwa sababu huniulizi! Ukitaka kujua habari za maji haya, niulize mimi. Usiulize koti."