Zamu ya Kiwanda cha Misumari

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya kwanza kiwandani. Aibu tupu! Kiwanda kimefungwa zaidi ya miaka arobaini, paa limekwenda, ila ardhi bado imejaa misumari. Mashine yangu ya kutafutia metali, ile ya kipini kirefu na sahani chini, ilianza kulia nilipoiwasha na haikunyamaza. Nimechimba mashimo kumi na tisa. Mavuno: misumari, vifuniko vya soda, nusu bawaba, kijiko. Shemeji, kaka yake mke wangu, alikuwa upande wa pili wa ukuta na mashine yake mpya yenye kioo cha namba. Akasema yangu inalia kama mbuzi aliyesahauliwa juani. Nikamdharau.

Pete yangu ya ndoa nayo iliitibua mashine kila nilipopitisha mkono wenye udongo juu ya sahani. Kando ya mlango kuna safu ya misumari ukutani, kila mmoja na namba yake ya rangi. Nikaivua pete, nikaitundika kwenye namba tisa. Kichwa hiki! Jioni naifuata: msumari upo, pete hamna.

Jumanne, 4 Juni

Mke wangu kakiona kidole. Nikamwambia kilivimba, pete iko kwa sonara inatanuliwa. Akasema polepole kwamba mama yake anafika Jumamosi, na tangu siku ya posa mama huyo anangoja kusikia nimeiuza. Pete isipokuwa kidoleni, wataondoka wawili, nami nibaki na kutu yangu sebuleni. Hakupaza sauti. Hapo ndipo nilipoogopa. Nampenda mwanamke huyu.

Mbio kiwandani. Nikabonyeza kitufe cha kuiamuru mashine ipuuze chuma, misumari inyamaze, dhahabu iseme. Kimya. Kwa saa tatu nzima nimetembea unyayo kwa unyayo. Kimya. Kisha nikakumbuka: pete zetu si dhahabu! Ni chuma kilichopakwa rangi, yangu na yake, nilizinunua mwenyewe. Nimeusema uongo huo miaka kumi na moja mpaka nikausadiki. Nilikuwa naitafuta pete kwa mashine niliyoikataza isiione.

Nikapeleka kidole kwenye kitufe niliondoe katazo; sijabonyeza, mlio. Mmoja, laini, chini ya msumari wa tisa. Nikachimba kina cha kiganja. Pete! Dhahabu ya kweli, wala si yangu. Ilikuwa na joto, kana kwamba mtu ameivua sasa hivi.

Imenikaa sawasawa.

Jumatano, 5 Juni

Nimemtembelea Bibi Karani. Huyu ndiye aliyekuwa akiandika mahudhurio ya kiwanda, na bado anaishi kwenye nyumba za wafanyakazi, mlango unaotazamana na geti. Nikajifanya mpenzi wa historia. Alinieleza kwamba pete zilikatazwa karibu na mashine, maana zilishawahi kuondoka na vidole vya watu. Asubuhi kila mtu alitundika yake kwenye msumari wenye namba yake, king'ora cha jioni kikilia anaichukua. Siku moja boila lilipasuka kabla ya saa nne. Waliotundika kumi na wawili. Aliyechukua, hakuna. Ndugu zao walipokuja kesho yake, misumari ilikuwa mitupu.

Akaniuliza nilitundika wapi. Sikuwa nimemwambia kwamba nilitundika! Nikasema namba tisa. Akavuta daftari kubwa chini ya kitanda, akaniuliza jina langu kamili, akaandika.

“Zamu ya asubuhi,” akasema. “Usichelewe.”

Nikamweleza kwa heshima kwamba sina uzoefu wa misumari. Akasema hata wao hawakuwa nao. Nikamwomba asimwambie Shemeji.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepiga hesabu. Nilitoa chuma, nikapewa dhahabu. Biashara kama hii hata mjinga angeiona, na mimi si mjinga. Nikatundika washa, kile kipete cha chuma cha boliti, kwenye namba nane. Nikangoja, nikapitisha sahani. Hakuna kitu. Nikatundika pete ya pazia. Nilipogeuka kufunga kamba ya kiatu haikuwepo, na chini ya namba nane mashine ikalia. Nikachimba kwa mikono miwili. Ilikuwa pete yangu ileile ya pazia, imebanwa bapa kama karatasi. Mle ndani hawataki utani.

Jambo jingine: asubuhi nimeamka na grisi nyeusi ndani ya kucha. Haitoki kwa sabuni.

Ijumaa, 7 Juni

Saa kumi na mbili asubuhi king'ora kimelia. Kiwanda hakina king'ora, nguzo yake ilishauzwa chuma chakavu. Mke wangu hakusikia kitu. Mimi nilijikuta getini na soksi moja, na sikumbuki njia. Mke wangu anasema usingizini nahesabu misumari na kuipanga kwenye maboksi, hamsini hamsini, na sikosei. Mchana siwezi kuhesabu chenji!

Saa tano Shemeji kaja nyumbani. Hakubisha hodi, akaketi. Akasema kioo chake kilikuwa kinaonyesha namba ileile ya dhahabu, lakini namba inatembea. Akienda kushoto, inaenda kushoto. Akisimama, inasimama nyuma ya visigino vyake.

“Shemeji, mle ndani watu wanafanya kazi,” akasema. “Na wamenisogezea nafasi.”

Ameapa hatarudi tena. Mashine yake mpya ameniachia mimi. Ushindi mkubwa! Nimemkaangia mayai.

Jumamosi, 8 Juni

Mama mkwe kafika saa nne. Nilimpokea na mkono wa kushoto mbele. Pete ilimetameta. Mke wangu akatabasamu, akasema sonara huyu anajua kazi. Nikavuta pumzi, ya kwanza tangu Jumanne.

Mama mkwe akashika mkono wangu, asiuachie. Akaomba aione vizuri. Haikutoka. Akaleta sabuni, akavuta, nusura aondoke na kidole. Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kwa ndani kumbe kuna jina, herufi ndogo, la mwanamke. Mke wangu akalisoma juu ya bega la mama yake na uso ukabadilika. Nikaanza kutunga binamu.

Lakini mama mkwe aliketi chini sakafuni, mtu mzima yule.

“Hili jina la mama yangu,” akasema. “Baba aliondoka nayo asubuhi. Nilikuwa na miaka sita, nilimfungulia mlango.”

Alilia bila sauti. Nikashindwa kudanganya, nikasema yote: msumari, mashine, Bibi Karani, daftari. Mama mkwe akazitazama kucha zangu muda mrefu. Akaniita mwanangu, mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, akanisihi nisirudi kule. Mke wangu akasema hataki pete, anataka mume. Haondoki, ila niape. Nikaapa mbele ya wote wawili, na nilimaanisha. Hapo pete ikateleza yenyewe kidoleni, na mama mkwe ameifunga kwenye kitambaa na kuiweka kifuani.

Jumapili, 9 Juni

Nimewaza sana. Kiapo ni kiapo. Lakini mume bila pete ni nini? Na mke wangu, mwanamke mwema hivi, avae chuma cha kupaka rangi hadi lini? Nina deni la ukweli kwake. Nikilipa, nalipa kwa dhahabu.

Yake huivua anapofua. Ilikuwa juu ya dirisha la bafuni. Yeye na mama yake walipokuwa uani, nikapitia mlango wa mbele. Nikaitundika kwenye namba kumi. Nilifumba macho, kwa adabu. Nilipofumbua, mashine ikalia. Dhahabu! Safi, ya kike, yenye joto.

Bibi Karani alikuwa mlangoni kwake. Akauliza jina kamili la mke wangu, na linaandikwaje. Nikamtajia herufi kwa herufi, asije akalikosea. Nyumbani nimesema pete imekwenda kwa sonara kung'arishwa. Nitamshtukiza kesho.

Jumatatu, 10 Juni

Saa kumi na mbili king'ora kimelia. Mke wangu ndiye aliyeamka kwanza. Hakulalamika, hakugusa chai. Ameuliza tu viatu vyake viko wapi, nami nikampa. Anaelekea getini sasa, anatembea upesi, hageuki nyuma. Siku zote nilijua akiuonja tu mchezo huu wangu wa kusaka metali ataupenda. Nachukua mashine zote mbili, nimfuate.