Sambaza wa Mtu Mmoja

Jumatatu, tarehe 1 Julai

Gaston amekuja tena. Saa sita mchana, bugali bado una moshi. Tangu tumzike dada yake, Madeleine wangu, baada ya Pasaka, hajakosa hata siku moja. Anaketi, ananawa, anakula sambaza wangu, dagaa wa ziwa letu, huku akisimulia Madeleine alivyokuwa mtoto kule Mumosho. Mimi nasikiliza, jicho likiwa kwenye sahani. Mke nimempoteza, sasa na visamaki vinakwenda!

Lakini nimepata akili. Nitagandisha sambaza kwenye frigo, fungu la mtu mmoja mmoja. Shemeji akifika, chakula ni jiwe. Akiondoka, natoa fungu langu na kula kwa amani. Madeleine angecheka. Hapana, angeninunia siku mbili.

Jumanne, tarehe 2 Julai

Nimenunua ndoo nzima ya sambaza. Nimewaosha, nimewatia wote katika mfuko mmoja, maji yakichuruzika, moja kwa moja kwenye frigo. Kesho nitawagawa. Maisha yangu yote ya kazi niligawa chakula cha wanafunzi wa bweni. Samaki hawatanishinda.

Jumatano, tarehe 3 Julai

Wamenishinda. Mfuko umekuwa tofali. Umeme, ambao siku nyingine hatuuoni, safari hii haukukatika hata kidogo. Nimepiga kwa bisibisi, nimepiga kwa mchi, mwisho nimelipiga tofali lenyewe kwenye ngazi ya jikoni. Katika kelele hizo Gaston akaingia, akauliza kama najenga.

Alishauri tuliache liyeyuke polepole. Likayeyuka lote. Basi ikabidi tukaange wote, tule wote. Alikula taratibu, bila haraka, akinieleza siku Madeleine alipomfukuza mbuzi wa padri hadi mtoni. Hadithi hiyo sikuwa naijua. Nilicheka, kisha nikakumbuka samaki wangu, nikaacha.

Alhamisi, tarehe 4 Julai

Nimekwenda kwa Colombe, mke wa Gaston, mwenye frigo kubwa kuliko yangu. Nikadanganya kwamba jirani yangu anataka kujua namna ya kugandisha samaki wasishikane. Alinieleza vizuri. Kosa ni maji na kuwarundika. Waoshe, wachuje, wakaushe kwa kitambaa. Wapange kwenye sinia ndani ya frigo, asiwepo anayemgusa mwenzake. Wakishakuwa wagumu, ndipo uwatie kwenye vifuko. Hapo hawashikani tena.

Kisha akaniuliza kama ninakula vizuri. Nikasema vizuri mno. Akanitazama sana. Nikaondoka kabla hajanikaribisha, maana ukikaribishwa, nawe utatakiwa kukaribisha.

Jumamosi, tarehe 6 Julai

Ushindi! Jana nilinunua wengine, nikawapanga kwenye sinia ya harusi yetu, kila samaki na nafasi yake. Leo wamekuwa wagumu kama misumari na hakuna aliyeshikana na mwingine. Nimewagawa kwenye vifuko, kila kifuko mtu mmoja.

Gaston alipofika nikafungua frigo na kuvaa uso wa huzuni. Nikamwonyesha: chakula chote ni barafu, kilichoyeyuka ni hiki kifuko kimoja tu.

Akaniita beau, yaani shemeji, kama kawaida yake: “Haina shida, beau. Weye kula, miye nitaikala tu.”

Akakaa kweli, mikono magotini. Nikala mbele yake. Leo hakusimulia chochote cha Mumosho. Samaki hawakuwa na ladha. Nadhani ni mafuta.

Jumatano, tarehe 10 Julai

Gaston hajaonekana tangu Jumamosi. Mpango umefaulu kuliko nilivyotaka. Nakula kifuko mchana, kifuko jioni, na hakuna anayenyoosha mkono kwenye bugali wangu. Nyumba iko kimya mno. Leo nimelitaja jina la Madeleine kwa sauti, nione kama bado linatoka. Limetoka, ila hakukuwa na wa kulisikia.

Nimemkumbuka sana. Nimewakumbuka wote wawili, ingawa huyu aliye hai simwambii.

Jumapili, tarehe 14 Julai

Baada ya misa nimemkuta Colombe mlangoni mwa kanisa. Nikauliza, kana kwamba sijali, kama Gaston ni mzima. Akajibu ni mzima, sukari yake imeshuka, na daktari amefurahi.

Sikuelewa, ndipo akanieleza. Kila mchana Gaston alikuwa anakula kwanza nyumbani, halafu anakuja kwangu kula mara ya pili. Daktari alikataza. Colombe naye aligombana naye mpaka akachoka. Lakini Madeleine, kule hospitali, siku zake za mwisho, alimshika mdogo wake mkono na kumwambia juu yangu, “Usiache Polycarpe anakula ye peke.”

Nikauliza kwa nini basi ameacha. Colombe akainamisha kichwa. Siku ile ya vifuko, alisema, Gaston alirudi nyumbani na kumwambia, “Beau ameshazoea. Sasa anaweza kukula ye peke.”

Nililia pale pale, mbele ya kwaya nzima. Colombe alinipa leso yake.

Jumatatu, tarehe 15 Julai

Nimewaza tangu asubuhi. Nimeona jambo ambalo kilio cha jana kilinificha. Kumbe Gaston hakuwa na njaa! Miezi yote hiyo amekula sambaza wangu akiwa ameshiba! Hilo haliwezi kupita hivi hivi.

Saa sita hii naenda kwake. Nitaketi mezani kwake, nitakula bugali wake, na atanisimulia habari za Madeleine mpaka jioni, apende asipende. Kesho nitarudi. Keshokutwa vilevile.

Na wasije wakasema nimekwenda mikono mitupu. Nimeshatoa kifuko kimoja kwenye frigo, cha kwangu. Wao wana chakula chao.