Mwanzilishi wa Kituo cha Bibi Antena

Mjini walimwita Tai. Yeye aliamini ni kwa ajili ya kile kitambaa chekundu alichofunga shingoni hata jua likiwaka. Wenzake walikuwa wanamfikiria yule ndege anayezungukia mizoga. Hakuna aliyeona haja ya kumsahihisha.

Asubuhi hiyo alikuwa ameketi kwa fundi redio, anasubiri mjinga apite, maana ndiyo ilikuwa ajira yake. Kwenye rafu, televisheni ilionyesha kituo cha mtaa: mama mmoja akieleza namna ya kutoa doa la wino, huku chenga zikimmwagikia usoni kama unga.

"Hiki kituo mbona kinaumwa?"

"Mtambo wenyewe mnyonge," fundi akasema. "Picha inatoka hapo ghorofani, inafika mashine ya kusaga, inachoka. Lakini usikidharau, mwezi huu kinatimiza miaka ishirini. Ni cha shangazi yangu, Bibi Antena."

"Miaka ishirini! Na nani alionekana wa kwanza?"

"Nani ajue? Shangazi ana kanda moja tu. Kila siku anarekodi juu ya jana."

Tai akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa kwenye mirathi. Kituo kizima kisicho na jana! Kwa watu wa kawaida huo ni msiba. Kwa Tai lilikuwa shamba lisilo na mwenyewe.

Akapanda ngazi. Bibi Antena alikuwa amepiga magoti nyuma ya mtambo, anachomelea waya, miwani kwenye ncha ya pua.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kama unauza kitu, sinunui."

"Siuzi, natoa. Nitaandika historia ya kituo, kitabu kamili, na siku ya sherehe nikisome hapa hapa hewani. Bure!"

Bibi Antena akamkagua kuanzia viatu, akapumzisha macho kwenye kile kitambaa chekundu.

"Andika. Ila mimi usinitaje. Mimi hapa mfagiaji."

"Mwanzilishi ni nani basi?"

"Hata ofisi ya utangazaji wanauliza hilo hilo. Wana barua yake, ina muhuri mkubwa hivi." Akaonyesha kwa mikono ukubwa wa sahani. "Wasipompata, mwisho wa mwezi wanazima mtambo. Nami, baba, sina mume, sina mtoto. Nina huu mtambo."

Tai alisikia muhuri tu. Yaliyobaki yalipita kama chenga. Moyoni alishaona nishani, zulia, na waheshimiwa wakipiga makofi kwa ncha za vidole.

Wiki hiyo akaingia mtaani kuuza historia. Alianza na muuza nyama, mtu asiyesoma gazeti bila kusaidiwa na kidole, akamfanya msomaji wa kwanza wa habari.

"Lakini mwaka huo nilikuwa sijahamia huku," muuza nyama akasema.

"Kwa hiyo hukuwepo?"

"Sikuwepo."

"Basi utashuhudiaje kwamba hukusoma?"

Muuza nyama akafikiri sana, akaona hoja haina tundu, akatoa paja zima la mbuzi. Msusi akawa uso wa kwanza kung'ara kiooni, akatoa redio yake ya saluni. Mwenye nyumba wa mtaa wa pili akawa ndiye aliyepandisha mlingoti juu ya paa, akatoa chumba cha kulala bure.

"Niliubeba peke yangu?"

"Ukitaka msaidizi nitakuwekea, Mzee, ila sifa mtagawana."

"Peke yangu," mwenye nyumba akasema haraka.

Wengi waliutaka uanzilishi. Tai akakataa katakata. Paja la mbuzi huisha, bali nishani hutundikwa ukutani, na hata tapeli ana ukuta wake moyoni.

Siku ya sherehe chumba cha studio kilijaa hadi ngazini. Muuza nyama alikuja na ukoo mzima. Bibi Antena akasimama nyuma ya kamera. Tai akakohoa kidogo, akasoma:

"Mimi ndimi niliyeanzisha kituo hiki kwa mikono yangu, bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote!"

Makofi. Maofisa wawili waliokuwa mlangoni, ambao Bibi Antena aliwaalika mwenyewe, wakasogea mbele.

"Wewe ndiye mwanzilishi?" akauliza mwenye faili.

"Ndimi," Tai akasema, akatoa kifua nishani ipate pa kukaa.

Ofisa akafungua barua. "Kuendesha kituo bila kibali, miaka ishirini. Tumekutafuta sana, bwana. Bila mkosaji faili halifungwi, na faili lisipofungwa kibali hakitoki kwa mtu mwingine."

"Sasa kitatoka?" Bibi Antena akauliza, akachomoa fomu yake iliyokwisha jazwa.

"Kitatoka, Mama."

Tai akacheka peke yake. "Jamani, huu ni utani! Nimetunga! Muulizeni muuza nyama!"

Muuza nyama akageuka, akauona ukoo wake. Tai asipokuwa mwanzilishi, yeye hakusoma habari.

"Ndiye," akasema. "Aliniajiri mwenyewe. Bosi mkali huyo, usiombe."

"Mimi alinishika mkono hadi mbele ya kamera," msusi akadakia.

"Mlingoti alinielekeza yeye," akasema mwenye nyumba. "Ila kubeba nilibeba peke yangu."

"Waongo!" Tai akapiga kelele, jasho likilowesha kitambaa chekundu. "Mwaka huo mimi nilikuwa jela!"

Ofisa akaandaa kalamu. "Vizuri, tutahakikisha. Ulifungwa kwa jina gani?"

Tai akayapitia majina yake yote kichwani, moja moja. Kila moja lilikuwa na faili lake mahali fulani, na hakuna faili lililokuwa jembamba kuliko hili.

"Nipeni hiyo kalamu nitie sahihi," akasema kwa unyonge. "Mwaka huo nilikuwa hapa hapa, najenga kituo."