Mzee Castory Anatuunga Mkono

Jumatatu, 14 Julai
Makala yangu ya kumi imetoka gazetini. Nimeisoma mara tatu, haina kasoro. Mzee Castory, mkulima wa karibu na Mlali, amesema tena kuwa Ndugu Thobias ndiye diwani anayetufaa.

Mzee Castory hayupo. Jina nililiokota kwenye orodha ya zamani ya wapiga kura iliyobandikwa ukutani kijijini. Lilikuwa limefifia, nikaona hakuna wa kulidai. Koti la kijivu nimemvalisha mimi. Kanuni yangu: mgombea akijisifu anachosha, asifiwe na mzee.

Kura za maoni ni Jumapili. Thobias akishinda, nakuwa katibu wake. Akishindwa, narudi Chemba kushika kamba za ng'ombe wa mjomba mnadani.

Jumanne, 15 Julai
Habibu, anayemwandikia mpinzani wetu Mama Evelina, kaniuliza kwenye kundi la WhatsApp la kata: huyo mzee wenu anaishi wapi, na mbona hana hata picha? Wivu. Nimemjibu kwa aya nne.

Kabla sijajipongeza, katibu wa tawi akamwambia Habibu aache utovu wa adabu. Yeye mwenyewe amekutana na mzee asubuhi, njia ya kisimani. Koti la kijivu. Alimpa shikamoo, mzee akakohoa badala ya kuitikia.

Nimefurahi. Mwongo wa kujitolea ni hazina kwenye kampeni.

Kitu kimoja tu. Kikohozi sijakitaja katika makala yoyote. Kimo kwenye daftari langu, na daftari liko chini ya godoro.

Jumatano, 16 Julai
Sasa wamemwona wanne. Muuza maandazi anasema alisimama mbele ya ile orodha saa sita mchana. Upepo wa vumbi ukapita, watu wote wakafumba macho. Yeye hakufumba, na koti halikutikisika.

Thobias kapiga simu. Anamtaka mzee mbele ya wajumbe Jumapili. Nikasema ni mgonjwa. Akasema, mgonjwa gani anazunguka kata nzima? "Mlete, ndugu yangu. Usipomleta, ukatibu nitampa mtu anayejua kuleta watu."

Alhamisi, 17 Julai
Nimekwenda kijijini kutafuta mzee yeyote mwenye koti. Niliposhuka tu, mama mmoja aitwaye Anyesi alikuwa ananisubiri. Nikampa shikamoo. Akaniuliza kama ni mimi ninayemwita baba yake.

Baba yake ni Castory. Walimzika miaka sita iliyopita.

Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto. Kwao marehemu haitwi ovyo. Anayemwita humwagia pombe ya mtama, humweleza shida yake, kisha humruhusu akapumzike. "Wewe mwanangu umemwita mara kumi. Hukumwagia hata tone. Hukumwambia aende. Sasa amekaa, anangoja kutumwa."

Nikauliza amekaa wapi. Akanipeleka kwake, akanionyesha kigoda chumbani. Vumbi lilikuwa limelala kila mahali isipokuwa juu ya kigoda.

Nikauliza, kwa heshima, kama mzee ana kadi ya chama.

Akasema nije Jumamosi na pombe, tumuage salama. Nikamwambia Jumamosi nina kikao cha mkakati. Tuifanye baada ya kura.

Jumapili, 20 Julai
Mpango ulikuwa mzuri. Msimamizi alitaje jina, watu wapige makofi, mimi nitangaze kuwa mzee amechelewa njiani.

Jina likatajwa. Wajumbe zaidi ya mia mbili wakageukia mlango, wakasimama. "Shikamoo," wakasema wote, polepole. Mlangoni sikuona mtu. Macho yao yakamfuata mtu katikati ya viti, hatua kwa hatua, hadi mbele. Kisha wakaketi, wakasikiliza dakika saba, wakitikisa vichwa. Mimi na Thobias tulitazama kipaza sauti kilichosimama peke yake.

Thobias akaninong'oneza: "Anasema nini?" Nikamwambia anatuunga mkono.

Mama Evelina, kura mia mbili na nane. Thobias, mbili: yake na ya mkewe.

Nilimkuta Habibu nje anafuta machozi. Nikamwuliza mzee alisema nini. Akashangaa, si ulikuwa mbele kabisa? Mzee alisema Thobias na mtu wake wamemtoa kwenye mapumziko wamfanyishe kazi, wala hawakumpa maji. Akawauliza wajumbe: "Kama mimi wamenifanya hivi, nyinyi mlio hai mtafanywaje?"

Hotuba nzuri. Nakiri mimi nisingeiandika vizuri hivyo.

Jumanne, 22 Julai
Chemba. Thobias hapokei simu. Nasikia Anyesi amemwaga pombe mwenyewe, kigoda kimeanza kushika vumbi.

Jana nilishika kamba za ng'ombe mnadani hadi jioni, huku nikichambua kosa. Nimelipata. Kosa lilikuwa idadi. Mzee mmoja anaweza kugeuka. Hamsini hawawezi kukubaliana kugeuka. Na huku kuna mgombea wa viti maalumu ambaye hana mtu wa mikakati.

Kwa hiyo tangu saa nane mchana niko makaburini na daftari jipya. Nasoma msalaba kwa sauti, naandika, napiga mstari, nahamia unaofuata. Nimefika jina la thelathini na moja. Kuanzia la ishirini wamekuwa wakiitika "naam," mmoja mmoja, kwa adabu. Sijawahi kupata wajumbe watiifu namna hii.