Vyuma Viwili Bega kwa Bega

Jumanne, 1 Julai 1952, Lindi

Dada Sada, shikamoo. Hamjambo huko Kilwa? Magoti yamepoa? Mimi mzima, alhamdulillahi. Daftari hili nikipata mtu nitakutumia, ulisome peke yako.

Kipupwe kimeshika, wazee wanatawadha huku wanatetemeka. Ijumaa watachagua msimamizi wa maji ya msikiti, kazi ya marehemu baba. Muadhini Mfaume anaitaka. Ana sufuria na kuni. Mimi nina umeme. Nimenunua kwa mchuuzi mmoja wa mji wa Mtama vyuma viwili vya kuchemshia maji, masalia ya mradi wa karanga wa Waingereza. Kila kimoja kimeandikwa volti 115.

Jumatano, 2 Julai

Nimemwita Damiani, fundi umeme, mtu wa Rondo. Mkristo, lakini muungwana. Kasema umeme wa Lindi ni volti 230, utaviunguza. Niviunge kimoja nyuma ya kingine: umeme upite cha kwanza, kisha cha pili, ndipo urudi. Vitagawana nusu kwa nusu. Waya wa ardhi, wa kuupeleka chini umeme ukivuja, kaufunga mwenyewe kwenye tangi la maji la msikiti, eti bila huo nitazika wazee. Nikamwambia mengine nitamalizia.

Alhamisi, 3 Julai

Sikulala vizuri. Kimoja nyuma ya kingine, msikitini? Sisi husimama safu moja, bega kwa bega, shetani asipate pa kupita. Damiani atayajulia wapi haya? Nimeviunga ubavu kwa ubavu, kila kimoja na umeme wake kamili. Bismillahi.

Ijumaa, 4 Julai

Nimewasha kabla ya adhana. Dakika chache tu, tangi likanguruma. Nikamwuliza Mfaume kama sufuria lake linajua kuimba hivyo. Akauliza langu linaimba nini, Yasini?

Mara mshindo. Fyuzi imekwenda, chuma kimoja kimepasuka, cha pili cheusi kama mkaa. Imamu wetu, Mzee Tawakali, alichovya kidole akakirudisha haraka. Kasema maji haya ni ya kunyonyolea kuku. Wote wametawadha kwa sufuria la Mfaume. Kazi kapewa yeye. Nilisali safu ya mwisho.

Jumamosi, 5 Julai

Damiani kaja. Kaangalia nilivyoviunga, kaupapasa waya wa ardhi kama mtoto wake. Kasema huo ndio ulioniacha hai nikiandika.

Dada, kosa nimeliona. Safu ya wawili ni safu gani? Yule mchuuzi wa Mtama anavyo sita zaidi. Nasikia msikiti wenu unaletewa jenereta. Tafadhali nijibu upesi: mtu wa maji mmeshapata?