Meli Yenye Vitanda

Jumapili, 1 Agosti 1971

Habari kubwa! Baada ya kanisa nyapara Opiyo alitusimamisha pale kwenye banda la kupimia majani ya chai, akasema gengi letu limeshinda. Miezi mitatu hakuna kikapu chetu hata kimoja kilichorudishwa kwa majani mabaya. Zawadi: sisi wanawake wote ishirini tutapelekwa Kisumu kupanda meli, na shamba ndilo litalipa. Ila tuchague wenyewe. Kuna meli ndogo, inaenda Kendu Bay na kurudi siku hiyo hiyo, watoto ruhusa. Kuna meli kubwa, inaenda Musoma na Mwanza, siku nne, watoto wabaki nyumbani. Kura ni Jumamosi.

Opiyo ni mtu wa ziwani, meli zote amezipanda. Nikamwuliza meli kubwa ina nini. Akasema ina jiko, ina choo cha kuvuta maji, ina vitanda.

Vitanda!

Mengine sikuyasikia. Gekara ana miezi kumi na minne. Mimi sijalala miezi kumi na mitano. Sitaki Mwanza, sijapoteza kitu Mwanza. Nataka usiku mmoja tu, nilale mpaka niamke mwenyewe. Meli kubwa lazima ishinde.

Elmina wangu, ana miaka minne, ameuliza meli inakula nini. Nimemwambia inakula watoto wasionawa miguu. Amenawa.

Jumatatu, 2 Agosti

Adui ni mmoja. Nyaguthii, mke wa Kiarie wa duka. Asubuhi anachuma na sisi, jioni anauza mandazi. Anataka meli ndogo, maana kila abiria anayepanda ana njaa, na yeye atakuwa amekaa mlangoni na karai lake. Leo amegawa mandazi bure katikati ya michai, kila mtu na lake, akisema hivi ndivyo tutakavyokula tukiwa kwenye meli ndogo.

Mbinu chafu kabisa. La kwanza nilikataa. Mawili yaliyofuata yalikuwa na iliki.

Mpaka jioni: upande wangu watu tisa, upande wake kumi. Yunia hajasema. Yunia ndiye mkubwa wetu, alianza kuchuma kabla mimi sijazaliwa, na akisema kitu hakirudiwi.

Jumanne, 3 Agosti

Nimepata akili! Watu hawaamini maneno, wanaamini macho. Jioni niliwaita wote mtoni. Nikaweka majini karai dogo, hiyo ndiyo meli ndogo, na ndani yake viazi vitano, hao ndio abiria. Halafu sufuria kubwa ya kanisa, ile ya harusi, hiyo ndiyo meli kubwa. Viazi ishirini. Nikawaambia sasa mtazame nani atatulia na nani atatikisika.

Karai lilitulia kama bata. Sufuria ilizunguka mara moja, ikainama upande, ikameza maji, ikaenda chini na abiria wote.

Wanawake wakapiga makofi. Nyaguthii aliuliza kwa upole kama wale ndugu waliozama walikuwa wamelala vitandani.

Watu saba upande wangu. Na sufuria anayeitunza ni Yunia.

Jumatano, 4 Agosti

Sufuria imepatikana. Sally, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, ameiokota na anaogeshea ndama. Anasema ndama ameipenda. Nimeipata kwa kubadilisha na kuku wangu mmoja, yule mchokozi, kwa hiyo sijui nani ameshinda.

Mume wangu Makori anasema hana neno, niende siku nne, watoto atawaangalia. Alikubali haraka sana. Nikasema tujaribu kwanza. Alipotoka kiwandani nilimpa Gekara, nikaenda kulala kwa Sally. Nilikuwa ndio nimefunga jicho la pili. Mlango ukagongwa. Makori amesimama pale, amembeba mtoto kama mtu aliyebeba mzinga wa nyuki.

"Anakuulizia," akasema.

Gekara hajui kusema hata neno moja.

Alhamisi, 5 Agosti

Leo niliamua kusema ukweli kuhusu meli ndogo. Kwamba watu hukaa kwenye mabenchi pamoja na mbuzi. Nilimwambia mtu mmoja tu, lakini nilimchagua vizuri: Jerusa, mke wa mchungaji. Mpaka saa nne neno lilikuwa limefika mwisho wa shamba. Likamfikia Opiyo. Akaja kunisimamia kichwani nikichuma, akasema mama yake mzazi hupanda meli ile kila wiki, je, nilikuwa nasema mama yake ni mbuzi? Nikasema hapana, bwana nyapara. Nikapangiwa ule mteremko wenye siafu.

Saa sita Nyaguthii akajibu mapigo. Akauliza, mbele ya watu, hivyo vitanda vya meli kubwa vimekaaje. Opiyo akaeleza: kimoja chini, kimoja juu yake, kama rafu za duka. Basi! Balaa! Nani atalala juu na nani atalala chini? Yunia akaweka kikapu chini. Akasema amezaa tisa na amezika mume, hawezi kulala chini huku msichana wa juzi akiwa amelala juu ya kichwa chake. Heshima itabaki wapi? Nikasema sawa mama, wazee wote walale juu. Akaniuliza kama nimeyaona magoti yake.

Nikafikiri haraka. Nikasema sisi vijana tutalala chini na wazee tutawainua wenyewe, wanne wanne, kila mmoja mguu wake au mkono wake. Lile neno la kuinuliwa liliwapendeza wazee. Watatu wakahamia kwangu palepale. Yunia alisema atafikiri, lakini niliona anatabasamu kidogo upande usio na meno.

Ijumaa, 6 Agosti

Nina watu kumi na watatu! Nimewazungukia nyumba kwa nyumba, Gekara mgongoni analia, na nadhani wengine waliahidi ili tuondoke. Nyaguthii ana sita. Yunia peke yake hasemi, na kwa sababu hana upande amechaguliwa kuhesabu kura. Hata kama angeenda kwao, bado nashinda.

Imebaki namna ya kupiga kura. Wengi hawaandiki. Kunyoosha mkono haifai, kuna watu wanamwogopa Nyaguthii maana duka ni moja. Nikasema, jamani, sisi kazi yetu ni majani, basi tupige kura kwa majani. Kila mtu afiche lake kwenye ngumi, atie kikapuni. Anayetaka meli ndogo alete majani mawili na chipukizi. Anayetaka meli kubwa alete jani kubwa, lile gumu la chini. Kubwa kwa kubwa, hata kipofu ataelewa. Na jani gumu liko kila mahali, unakata tu, lakini chipukizi unatafuta. Watu wavivu wote watakuwa wangu!

Nyaguthii alikubali bila kubisha. Nikajua ameniogopa.

Nimeshafua shuka moja ya kubeba.

Jumamosi, 7 Agosti

Tulipiga kura baada ya kupima. Kikapu kilifunikwa kwa gunia, kila mmoja isipokuwa Yunia akapita, akatia ngumi, akatoa. Mimi nilipita wa mwisho, na Gekara mgongoni akinivuta sikio. Nilipokuwa napita pembeni ya michai nilikuwa nafikiria mto wa kitanda. Mgumu au laini? Nikatia kura yangu.

Yunia akatandika gunia chini, akamwaga kura, akapiga magoti. Halafu nikaona mikono yake inaanza. Yale majani laini, hapa. Jani gumu, mtaroni. Laini, hapa. Gumu, mtaroni. Haraka haraka, hata hatazami, anamweleza Jerusa habari za jino lake.

Na sisi tulisimama tukitazama. Hakuna aliyeona ajabu. Kila jioni ndivyo tunavyofanya kabla karani hajapima. Mimi mwenyewe nilimwonyesha jani gumu moja lililokuwa limejificha chini ya mengine. Akanishukuru.

Alipomaliza akajikung'uta magoti, akasema kura ni saba, zote za meli ndogo, kura safi sana.

Ndipo nilipozinduka. Nikapiga kelele, nikasema mama, hizo ulizotupa ni kura! Hizo ni watu!

"Mwanangu," akasema, "haya ni takataka. Unataka turudishiwe kikapu leo, baada ya miezi mitatu?"

Wenzangu kumi na wawili wakaniangalia kama mimi ndiye nataka kuwaaibisha. Tukamwita Opiyo aamue. Akatazama mtaroni, akatazama gunia. Akasema tangu aanze kazi hii hajawahi kukubali jani gumu, na hataanza kwa ajili ya mtu mwenye maneno kuhusu mbuzi.

Nilirudi nyumbani. Makori akaniuliza nani ameshinda, nikampa mtoto. Nilipovua aproni kitu kikaanguka kutoka mfukoni. Jani langu kubwa, gumu, zima. Nililichagua tangu asubuhi.

Basi niliweka nini kikapuni? Nimekaa nimeitazama mikono yangu. Vidole vina akili yao. Vilipita kwenye michai, vikachuma majani mawili na chipukizi, vikaenda nayo.

Ile ya saba ni yangu.

Jumamosi, 14 Agosti

Tumekwenda, tumerudi. Lori mpaka Kisumu, sote tunaimba, Gekara analia kwa sauti ya tatu. Nilipoiona ile meli ndogo nilitaka kurudi. Mabenchi. Na mbuzi walikuwepo, wawili! Nilimwonyesha Jerusa lakini alikuwa anawapa majani.

Meli ikatoa honi. Ikaanza kunguruma chini ya miguu, ule mngurumo mzito, usiobadilika. Gekara akanyamaza. Nikafikiri amemeza kitu. Nikamgeuza. Amelala!

Hakulala kama anavyolala nyumbani, jicho moja mlinzi. Alilala kabisa, mdomo wazi, mkono umening'inia. Dakika tano. Kumi. Kendu Bay injini haikuzimwa, watu walishuka, wakanunua samaki, Elmina akashuka na Yunia, wakarudi, Gekara bado amelala. Mpaka Kisumu tena. Njiani kila mtu alisinzia. Yunia alilala chini kabisa, kwenye magunia, na vijana juu ya benchi, hakusema kitu kuhusu heshima. Nyaguthii alilala amekumbatia karai lake, hajauza andazi hata moja. Mawimbi yaliwaondolea watu hamu.

Mimi peke yangu sikulala. Ningelalaje? Kwanza niliogopa kusogea. Halafu nilianza kumtazama. Miezi kumi na minne nimemwona akiwa analia, au nikiwa nimefumba macho mimi. Sikujua ana kope ndefu vile. Ana kovu dogo kwenye kidevu kama la Makori. Nilimwekea kivuli cha leso masaa yote, mkono ukafa ganzi, na nilikataa katakata Elmina asimguse hata kidole cha mguu.

Meli ilipozima injini akaamka. Amelia mpaka nyumbani.

Jumapili, 15 Agosti

Sijalala. Lakini nimefikiri, na sasa nimeelewa kila kitu.

Meli ndogo ndiyo iliyomlaza. Sasa kama meli ndogo imemlaza siku moja, meli kubwa, yenye injini kubwa, si atalala siku nne? Na mimi kitandani! Nitamwomba Opiyo waruhusu watoto. Nimeanza kumsifu mama yake.

Tukishinda tena miezi mitatu ijayo tutapiga kura nyingine, na kosa langu nimeliona: majani. Mtu wa chai usimpe majani. Safari hii tutatumia vitu vya jikoni. Anayetaka meli ndogo atatia punje ya haragwe. Anayetaka meli kubwa atatia kijiwe, kitu kizito, kitu cha nguvu, hata kipofu ataelewa.

Nimemwambia Yunia. Amefurahi sana. Amesema atakuja na ungo wake mwenyewe.