Jinsi Irmtraud Alivyouteka Udhanifu kwa Kijitabu cha Kurasa Sitini

Sogeeni karibu, enyi wenye masikio na subira, mkaviache vikombe vyenu vipoe, nami niwasimulie vita vilivyopiganwa katika mji wa Jena, mji wenye wanafalsafa wengi wa mawe na wachache mno wa nyama wanaoeleweka. Vita visivyomwaga damu hata tone, lakini wino ulitiririka humo na kiburi kikalala chali.

Shujaa wetu ni Irmtraud Wöhlert, binti wa mwashi, nahodha wa tramu, yale magari ya reli ya mjini, kwa miaka thelathini na minne, ambaye theluji, walevi na wakaguzi hawakupata kumtikisa. Alipostaafu alijiunga na chama cha wasomaji wa falsafa, kilichokutana kila Jumatano alasiri katika ukumbi wa maktaba ya mtaa, chini ya utawala wa Daktari Gisbert Lauenroth, mume wa dada yake, Sultani wa Sentensi Ndefu, aliyekuwa amefundisha udhanifu wa Kijerumani, ile falsafa isemayo akili ndiyo inayoutunga ulimwengu, kwa miaka kumi na moja bila kumdhuru yeyote kwa kueleweka.

"Shemeji," aliuliza Irmtraud siku ile ya kwanza, "hii akili inayoutunga ulimwengu ndiyo nini, kwa lugha ya binadamu?"

Gisbert akavua miwani taratibu, kama jemadari achomoaye upanga. "Shemeji yangu mpenzi, hapa hatusomi vitabu vya picha."

Watu tisa wakacheka. Irmtraud alikuwa ameacha shule akiwa na miaka kumi na sita, na kicheko kile alikijua vizuri. Kilimwingia mahali palepale pa zamani. Akasimama, akavaa koti lake, akanena: "Sikieni, enyi mabingwa! Sitakanyaga tena hapa mpaka nipate kitabu kinachoyaeleza haya kwa mtu aliyezaliwa na mama. Na kikiwapo duniani, nitakipata!"

Basi akatoka kwenda vitani.

Ngome ya kwanza ilikuwa duka kubwa la vitabu, ambako kijana mwenye shati jeusi alimkabidhi Utangulizi Mwepesi wa kurasa mia saba. Irmtraud akaufungua palepale. Sentensi ya kwanza ilianza juu ya ukurasa kwa majivuno, ikapanda, ikashuka, ikajikunja mara sita, na kitenzi chake, ambacho Kijerumani hupenda kukiweka mwisho, akakikuta ukurasa wa pili, kimechoka hoi.

"Huu ndio mwepesi?" akauliza.

"Ndio tunaowapa wanaoanza, mama. Ila dibaji inasema usome kwanza ule mwingine."

"Upi?"

"Ule wa kuutangulia huu. Una juzuu mbili."

Ngome ya pili ilikuwa chuoni, ambako bibi mmoja mwenye skafu ya hariri alimtazama viatu kabla ya uso, akamwambia kwa huruma itiayo kichefuchefu kwamba mambo haya yakirahisishwa hufa. "Kwani sasa yako hai?" akajibu Irmtraud, akaondoka akichechemea, maana goti lilikuwa limeanza uasi wake.

Siku ya tatu, mvua ikimtwanga, aliingia katika duka la vitabu vikuukuu la Swantje Ohlendorf, mama mnene mwenye sigara sikioni.

"Falsafa ya wale wakubwa? Iliyoelezwa?" Swantje akacheka hadi akakohoa. "Dada, kipo kimoja. Kiko kule kwenye rafu ya vitabu vya bustani, kati ya mbolea na waridi. Maprofesa wanaokuja hapa wanakionea aibu, wakikikuta kwenye rafu ya falsafa wanakitupa, nikachoka kukiokota sakafuni."

Kilikuwa kijitabu cha kurasa sitini, kimekunjamana, kazi ya mwalimu mmoja aliyewafundisha mafundi bomba jioni. Ukurasa wa kwanza ulisema: ulimwengu tunaoujua haumiminwi kichwani kama maji kwenye ndoo, akili nayo ina mkono katika kuupika. Irmtraud akasoma amesimama, maji yakimchuruzika. Akasoma tena. Kisha akapiga kelele dukani: "Ee, kumbe ni hivyo tu!" na machozi yakamtoka, naye hakuyafuta.

Jumatano ikawadia. Gisbert alikuwa angani, sentensi ikiwa katika dakika yake ya nne, Irmtraud aliponyoosha mkono.

"Shemeji, toa mfano mmoja."

"Mambo haya hayana mifano, shemeji."

"Mmoja tu. Hata mdogo."

Gisbert akapekua karatasi zake, mbele na nyuma. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, hakuwa na kitenzi.

"Basi natoa mimi," akasema Irmtraud. "Njiani naona taa nyekundu. Jicho linapokea wekundu, basi. Ile 'simama' haimo kwenye taa, naileta mimi. Hawa wazee wa vitabuni wanasema tunafanya hivyo kwa kila kitu, hata kwa wakati na mahali. Nimekosea?"

Mfamasia mzee, Bwana Ottfried, mwanachama tangu siku ya uasisi, akaweka kalamu chini. "Mungu wangu," akanong'ona. "Nimeelewa." Na wengine wakaanza kunong'onezana, wakiona haya na furaha kwa pamoja.

Kikao kilipokwisha, Gisbert alimfuata hadi mlangoni, akatazama nyuma asionekane, akashusha sauti.

"Shemeji... hicho kijitabu. Unaweza kuniazima?"

"Nakuazima," akasema Irmtraud. "Lakini usome polepole. Hakina picha."

Na iandikwe katika kumbukumbu za mataifa, wana wa shule wakariri tarehe yake: Jumatano ile huko Jena, saa kumi na moja na dakika ishirini, watu kumi walielewa ukurasa mmoja.